Boti Iliyotiwa Mashini ya Mihogo

Kabla haijawa boti tena, ilikuwa kianikio changu cha mihogo. Ililala kifudifudi nyuma ya nyumba yangu, pale mwisho wa mji wa Baraka, upande wa kwenda Mboko, tumbo lake linatazama jua. Mradi mmoja wa samaki uliileta zamani nilipokuwa bado nasoma. Mradi ukaondoka, mashini yake ikaondoka na watu wasiojulikana, likabaki ganda. Kuku walitagia chini yake. Watu waliiita boti ya plastiki, na mzee mmoja fundi alikuwa anakasirika kila akisikia. "Si plastiki! Ni nyuzi za kioo na gundi. Plastiki ni sahani zenu." Mimi nilimjibu kwamba mihogo yangu haijui tofauti.

Wakati ule wa vita ya pili mji wetu ulikuwa umezibwa. Barabara ya Mboko na Uvira ilikuwa na vizuizi ambavyo mtu alivipita mara moja tu, kwenda, bila kurudi kusimulia. Ya Fizi walikuwa wanaipigania, wanajeshi waliokuwa wameshika mji na wale wa mlimani. Kupanda milimani Minembwe, hata usiwaze. Likabaki ziwa, na ziwa nalo likapewa amri: chombo chochote chenye mashini ni cha jeshi, na anayevuka anapelekea adui habari. Mitumbwi ya kasia iliruhusiwa kuvua karibu tu, mbele ya macho ya wanajeshi. Isitoshe, ghuba yetu imekumbatiwa na mkono wa nchi wa Ubwari. Hata ukiwa juu ya maji bado uko ndani ya ua. Kila asubuhi nilitoka nje, nikatazama maji, nikarudi ndani na hasira. Nilikuwa nagombana na sufuria.

Ile boti nisingeigusa kama si mdogo wangu. Ndiye damu pekee niliyobaki nayo. Mimi nilikuwa mjane bila mtoto. Yeye mume wake alikwama ng'ambo, Tanzania, alikokwenda kuuza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, juma lile lile ziwa lilipofungwa. Akamwachia mimba. Mimba ya kwanza ilimfikisha kwenye kisu: walimpasua hospitalini, mtoto akafa, na daktari akaniita pembeni mimi, si yeye. Akaniambia huyu asije akasukuma mtoto kwa nguvu zake tena, kidonda cha ndani kitafunguka na damu haitazuilika. Sasa daktari mwenyewe alikuwa amekimbia, na chumba cha kupasulia hakikuwa na taa, mlango wala mabati. Ilibaki miezi minne. Ama mdogo wangu awe Kigoma mbele ya daktari kabla ya uchungu kuanza, ama nimzike. Sikuona njia nyingine, na nilitafuta.

Mashini nilikuwa nayo. Hapo ndipo aibu yangu inapoanza, na bora niiseme mapema. Mume wangu aliniachia mashini ya kusagia mihogo, ya mazutu, ile yenye gurudumu zito la chuma na mukanda mrefu wa kuzungushia kisagio. Vita ilipoingia niliona mashini za watu zinabebwa zingali moto. Nikatangaza kwamba yangu imekufa. Nilitoka barabarani nikalia kwa sauti, nikaapa, nikapokea pole za watu. Kisha nikaificha chumbani chini ya rundo la mihogo, pamoja na mabidoni mawili ya mazutu, mafuta yake.

Toka siku hiyo bamama wa kata nzima walirudi kwenye kinu na mchi. Mama jirani, tuliyetenganishwa na ukuta mmoja, mwenye watoto sita na sauti ya kuamsha mji, alinionyesha viganja vyake siku moja. Malengelenge yalikuwa yamepasuka juu ya malengelenge. "Angalia," akasema, "mashini yako ilikufa na mikono yetu." Nikamwambia pole. Nilimwambia pole na jioni hiyo nikaenda kulala kando ya mashini nzima. Niliona haya, ndiyo, lakini si haya za kutosha kuifukua.

Yule fundi wa nyuzi za kioo nilimwita kwa bugali na samaki wa mikebuka. Alikuwa mzee wa familia za Kiislamu za pale ufukweni, aliyetengeneza boti za mradi enzi zake, mkorofi, mwenye kusikia vizuri akitaka. Nilimwacha ale mpaka akalamba vidole.

"Fundi, ile boti inaweza kuenda?"

"Kuenda wapi?"

"Ng'ambo."

Alitazama mlango. "Na mashini?"

"Iko."

"Weye uliapa mbele ya batu kwamba ilikufa."

"Niliapa."

Alicheka mpaka akakohoa. "Sawa. Mwanamuke mwenye anaweza kudanganya Baraka muzima, tunaweza kufanya naye kazi."

Tulianza kesho yake. Fundi alipita juu ya boti akiigonga kwa ncha ya kidole, sikio chini, kama muuguzi anayepima kifua. Palipolia kavu alipita. Palipolia bubu alichora alama ya mkaa. Nyuma, pale mashini ya zamani ilipokuwa inaning'inia, ndani ya ganda kulikuwa na ubao, na ubao ule ulikuwa umeoza. Niliuchota kwa kijiko cha kupakulia. Siku tatu nachota uozo, na kuku wananitazama. Mahali pake tukaweka mbao za mlango wa chumba changu. Tangu siku hiyo nililala nyuma ya pazia.

Gundi yenyewe ya boti haikupatikana, ingetoka wapi? Fundi akaniambia niokote yale matofali meupe mepesi yanayokaa ndani ya katoni za friji na redio. Baada ya uporaji yalikuwa yamezagaa mjini pote. Akayakatia ndani ya petroli kidogo, yakayeyuka yakawa uji mzito unaonata hata kwenye laana. Tukachovya vitambaa, tukabandika juu ya alama za mkaa, tabaka juu ya tabaka. Vitambaa vilikuwa vikwembe vyangu, vitenge vya kuvaa. Cha harusi kilienda kuziba tundu mbili za risasi chini ya tumbo la boti. Sikulia. Nilimtukana aliyepiga zile risasi, nikaendelea kubandika.

Nyakati hizo mdogo wangu alikuwa anakaa mbali kwa sababu ya harufu, ananipigia kelele kutoka mlangoni, akiniita yaya, yaani dada mkubwa. Sisi wawili tulizaliwa na mdomo, marehemu mama yetu alichoka nasi.

"Yaya, mi sitapanda hiyo kitu! Inanuka sumu!"

"Utapanda."

"Weye utanibeba?"

"Nitakufunga kamba kama mbuzi, nitakubeba."

"Jaribu tu!" Akanitupia ganda la muhogo. Alikuwa na shabaha nzuri.

Nondo ya kuzungusha panga la kusukuma maji ilitoka kwenye lori lililokufa njia ya Fizi. Bomba la kuipitisha lilikuwa la maji ya hospitali. Panga lenyewe, la shaba, fundi alikuwa nalo chini ya kitanda tangu siku mradi ulipoondoka, na sikumuuliza lilifikaje huko. Pale nondo inapotokea majini tulisokota kamba ya pamba iliyolowekwa mafuta ya ng'ombe. Yote hayo tulifanya boti ikiwa bado kifudifudi, na mihogo ikianikwa juu yake mchana ili mpita njia aone mihogo. Fundi alinieleza namna itakavyokwenda: mashini katikati, mukanda kutoka kwenye gurudumu mpaka kwenye nondo. Ukivika mukanda, boti inaenda, ukiuvua, inasimama. "Kurudi nyuma, hakuna," akasema.

Ikabaki kujua kama mashini bado iko na roho baada ya kulala muda mrefu vile. Hapa tulifanya ujinga ambao mgeni angesamehewa, sisi wenyeji hapana. Tuliogopa masikio ya wanajeshi tu. Kambi yao ilikuwa upande wa pili wa mji, bandarini. Tukachagua Dominika asubuhi, saa makanisa yote yanapiga ngoma, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, na kila mtu anaimba juu ya mwenzake. Tukaiweka mashini uani nyuma ya jikoni. Fundi akaizungusha mara ya kwanza, ikakohoa. Ya pili, ikatema moshi mweusi. Ya tatu ikashika. Tu-tu-tu-tu-tu. Ee Mungu wangu! Nilimkumbatia yule mzee, naye ni mtu asiyekumbatiwa. Tuliiacha ilie kidogo. Kidogo tu.

Lakini kwetu mashini ya kusaga haina kengele wala saa ya kufungua. Mlio wake ndio mwito. Ikilia, mama anaacha alichoshika, anajitwika beseni la mihogo mikavu, anafuata mlio. Anafika, anaweka beseni chini nyuma ya beseni la mwisho, na beseni linamshikia nafasi hata akienda zake. Hakuna anayesogeza beseni la mwenzake. Mimi niliyeishi kwa mlio huo miaka yote, mimi mwenyewe, nikasahau. Ngoma za makanisa ziliwaziba wanajeshi. Hazikumziba mama hata mmoja.

Walitoka kanisani katikati ya wimbo. Niliinua macho nikaona beseni la kwanza linapita juu ya ua, halafu la pili, halafu njia nzima imejaa mabeseni. Walikuwa wanakuja mbio na vicheko, wengine na nguo za sala. Wakaanza kuyapanga chini mstari mmoja, moja nyuma ya jingine, kama zamani. Mama jirani alikuwa wa tatu. Aliweka lake, akainuka, akatazama. Mashini juu ya ardhi. Kisagio hakipo. Mabidoni. Fundi na mikono ya mafuta. Mdogo wangu na tumbo lake. Kisha boti.

Vicheko vikafa. Fundi akazima mashini, na hilo likawa baya zaidi.

"Kumbe haikukufa," mama jirani akasema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema polepole. "Tulitwanga. Mama yangu mzee alitwanga mpaka akaanguka pembeni ya kinu. Weye ulipita ukasema pole."

"Siku hizi nilikuwa naificha sababu ya huyu," nikasema, nikamwonyesha mdogo wangu. "Bila kisu atakufa. Munajua."

"Ungetuambia."

"Mungesema."

"Ndiyo unatuona vile? Sisi ni batu ya kusema?"

Nilitamani anipige, ingekuwa rahisi. Na kabla hajaamua, wanajeshi wakafika, sita, mbio, wakifuata kelele za bamama zaidi ya zile za mashini. Mbele yao komanda wao, mtu mfupi, mtulivu, ambaye hakuwahi kupaza sauti, ndiyo maana tulimwogopa.

"Mashini hii ya nani? Ya nini?"

Nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa boti. Mama jirani ndiye aliyesogea mbele.

"Ya mihogo, shefu. Iko yetu, ya kata. Ilikuwa imekufa, leo fundi ameifufua. Hauone tuko kwenye mustari?"

Komanda aliyatazama mabeseni. Alitazama kila moja. Bamama wote wakasimama wima nyuma ya yao, hakuna aliyecheka wala kulia. "Ni kweli?" Wakajibu kwa pamoja, ndiyo shefu. Hakuna aliyewapanga. Nilisimama pale nikijua kwamba hawa niliowaacha watwange wamenikinga kwa vichwa vyao.

"Vizuri," komanda akasema. "Basi isage. Nusu ya unga ni ya kambi. Mazutu nitaleta mimi. Askari wangu atakaa hapa." Akageuka, akawaambia bamama, si mimi: "Mumesema ni yenu. Siku ikipotea, nitauliza ninyi."

Hivyo ndivyo uongo uliotuokoa ulivyotufunga. Mashini ikarudi kwenye kisagio. Nilisaga kila siku ya Mungu, mweupe kichwa mpaka miguu, na askari mmoja ameketi kwenye kiti changu anakula mihogo yangu. Boti iko hatua kumi, tayari, haina moyo. Nilikuwa naiona kupitia vumbi la unga. Na tumbo la mdogo wangu linakuja mbele tu, halisubiri mtu. Mwezi wa sita. Wa saba. Nilianza kuuchukia mlio ule uliokuwa unanilisha. Kuna siku niliingia jikoni, nikauma kanga yangu nikapiga kelele ndani yake, nikatoka, nikaendelea kusaga.

Mama jirani hakuniambia neno kwa majuma mengi. Alileta beseni, akachukua unga, akaenda. Siku moja, mashini ikiwa inalia na askari hasikii, aliinama sikioni mwangu: "Huyu amebakisha ngapi?"

"Mwezi na nusu."

"Boti inabeba ngapi?"

"Fundi anasema wanane, na yeye wa tisa."

"Basi wengine saba nitachagua mimi." Akajitwika unga wake. Msamaha sikupewa, nilipewa kazi. Nilishukuru kwa hiyo.

Fundi akaanza kwa kulalamika mbele ya komanda kwamba mashini inachemka, inataka maji ya ziwa, isogezwe ufukweni. Komanda akakubali. Tukajenga kibanda cha matete kando ya boti kabisa. Fundi aliipigilia mashini juu ya magogo mawili, na magogo yale aliyapima kwa kamba yaingie ndani ya boti barabara, na kila bolti ilikuwa na tundu lake linaloisubiri. Askari alimwangalia akipima, akamsifu kwa kazi safi. Mimi kila siku niliiba kikombe kimoja cha mazutu ya jeshi, nikimimina ndani ya mtungi wa maji ya kunywa, na mtungi ule niliulinda. Angekunywa mtu, siri yetu ingekwisha.

Siku ilijileta yenyewe. Boti ya doria ya wanajeshi ilikuwa inazimikazimika, wakamwita fundi. Akaifungua, akatoa pampu ya mafuta, akawaambia inataka kusafishwa siku mbili, akaja nayo nyumbani ndani ya kitambaa. Aliiweka mbele yangu juu ya mkeka. "Haya," akasema. "Hawa hawawezi kufuata muntu. Kesho."

Kila siku, jua likiwa limeinama kidogo, askari wetu alipeleka unga kambini, bamama wamebeba, yeye nyuma yao na bunduki. Kwenda na kurudi ilimchukua saa moja na zaidi. Siku ile mama jirani alichagua wabebaji wanaojua kutembea pole, wengine wakajikwaa, mmoja akamwaga unga ukazolewa chembe kwa chembe. Waliobaki waliyaacha mabeseni yao yamepangwa mbele ya kibanda, mustari mrefu, ili anayepita njiani aone kazi inaendelea.

Tuliipindua boti, bamama kumi na wawili. Kuku wakatawanyika. Tukaisukuma mpaka maji yakafika magotini. Wanane wakaishika mashini kwa magogo yake, na niamini, nimeona watu wakibeba maiti, wakibeba wagonjwa, sijaona uzito ukibebwa kimya vile. Iliingia. Bolti zikaingia. Chini, pale kwenye kikwembe changu cha harusi, tone moja la maji lilichungulia, likabaki tone. Wale saba waliochaguliwa wakapanda: wenye mimba, wenye watoto mgongoni, na yule mama mzee wa mama jirani. Mdogo wangu alipanda wa mwisho, ananguruma kwamba kiti ni kigumu.

"Yaya, panda!"

"Navika mukanda kwanza."

Sikuwa na nafasi ndani ya ile boti. Sikuwa nayo tangu siku ile komanda alipowaambia bamama, nitauliza ninyi. Wao waliweka vichwa vyao. Ningeondoka mimi na mashini, wangeulizwa wao. Fundi alijua. Aliniambia mapema, weka yote juu yangu, sema mzee mwizi amekuibia, mimi huko watanipatia wapi? Mdogo wangu ndiye pekee asiyejua, maana angejua asingepanda, na nilimjua kwa ukaidi. Nataka niseme ukweli: nilitaka kupanda. Mguu wangu mmoja ulikuwa umeinuka. Nilitaka kutoka pale kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote duniani.

Fundi akazungusha, ikashika mara ya kwanza. Nikavika mukanda, nikaisukuma boti kwa mikono miwili, nikabaki.

Alinitazama. Alielewa taratibu, niliona anavyoelewa. Akaanza kupiga kelele, na mashini ikamfunika, nikaona mdomo tu unafunguka na kufunga, na mwenzake amemshika asiruke. Tu-tu-tu-tu. Mji mzima ulisikia, na hakuna aliyeinua kichwa: ni mashini ya mihogo, inasaga. Boti ikashika kaskazini, kwenda kuizunguka ncha ya Ubwari. Nilisimama mpaka mlio ukaisha. Kisha nikaketi katikati ya kibanda kitupu, nikaanza kulia wizi.

Askari aliporudi alinikuta nimejigaragaza, nimepasua nguo, nalia fundi ameniua, fundi ameniibia. Nililia vizuri kwa sababu kilio kilikuwepo. Komanda alinisikiliza mpaka mwisho. Sijui aliamini nini. Bamama hakuwauliza, aliniuliza mimi, ndani ya kontena la chuma pale bandarini, siku nne, na jua juu ya bati. Aliniuliza neno moja lile lile, nami nikajibu lile lile. Siku ya tano akachoka, akaamuru nitwange unga wa kambi kwa mikono yangu mpaka atakaposema basi.

Nikatwanga. Sasa nikajua malengelenge ni nini. Bamama walipokezana nami bila kuambiwa, na mama jirani aliniangalia viganja, akasema tu, "Eeh." Lakini maumivu yangu hayakuwa mikononi. Mwezi ukaisha, wa pili ukaingia, na siku za kuzaa zilikuwa zimepita. Sikujua kama boti ilifika. Kila kitu kilichoelea ufukweni nilikikimbilia, ubao, kitambaa. Mama jirani naye alikimbia pamoja nami, mama yake alikuwa mle. Tulirudi kwenye kinu.

Ndipo akaja mvuvi mmoja wa Lweba, aliyevuka kwa kasia na kurudi kwa njia zake mwenyewe. Alinikuta natwanga. Akachuchumaa, akasema yule mama mzee wa mama jirani yuko mzima, na watu wote wa ile boti wamefika. "Na mudogo wako amezaa. Balimupasua. Mutoto musichana. Bote bazima."

Mama jirani alipiga kigelegele akakizima kwa kiganja. Mimi sikutikisika. Kwetu msiba hauletwi na mpita njia. Msafiri akiulizwa husema wote wazima, hata kama ameacha kaburi bichi. Kifo hupelekwa na mkubwa wa ukoo, kwa hatua, leo mgonjwa, kesho mgonjwa sana. Ile "bazima" yake haikuwa na uzito wowote kwangu. Na niliona anatazama chini, anachora mchanga kwa kidole.

"Unanificha," nikamwambia. "Kuna neno unaficha. Lilete."

"Mama, acha tu."

"Lilete!"

"Iko neno, ndiyo. Lakini si ya kuambia mukubwa." Akafuta mchoro wake mchangani. "Alisema nikuambie hivi: weye ni mujinga na ni muongo toka tumbo ya mama yenu. Alisema hatakusamehe, hata siku ya kufa hatakusamehe. Na siku utafika kule, atakupiga, na mutoto akiwa mugongoni, mpaka batu bakutenganishe naye."

Mchi ukaniponyoka. Nani angeyatunga hayo ili kunifariji? Ulikuwa mdomo wake, mzima, mkali, na pumzi ndani yake. Nikaanguka magotini nacheka, halafu nalia, halafu vyote, na yule mvuvi maskini ananiomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyenitukana. Nikamshika mikono yote miwili. Nikamwomba arudie, si habari yote, matusi tu.